Safari ya Plateau na Hesabu ya Mizigo

Mtu atokaye mjini Eldoret kwa barabara ya Kaptagat, akiisha kuziacha nyumba za mwisho, huona nchi imetandazwa mbele yake kama mkeka. Kulia na kushoto ni mashamba ya mahindi na ngano, na ng'ombe wa maziwa wakila majani nyuma ya seng'enge, na mistari ya mikaratusi iliyopandwa kuzuia upepo. Alfajiri atakutana na makundi ya wakimbiaji, maana Kaptagat ndiko alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, mshindi wa marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021. Mimi sikwenda kukimbia. Nilikwenda kwa mjomba wangu, ambaye alikuwa na mizigo ya kupeleka Nairobi kwa lori, naye aliniita kwa sababu kazi yangu ofisini ni kuandika hati za vitu viingiavyo na vitokavyo ghalani.

Mahali penyewe paitwa Plateau. Ni neno la Kiingereza, maana yake nchi ya juu iliyo tambarare, na jina hilo halisemi uongo. Reli iliyotoka Nakuru ilifika Eldoret mwaka 1924. Ilipanda hata Timboroa, palipo juu ya bahari kwa zaidi ya futi 9,000, kisha ikateremka polepole kwa Ainabkoi, Kipkabus na Plateau. Kabla ya hapo kila kitu kililetwa kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Makaburu waliokuja mwaka 1908 walipanda kutoka Nakuru kwa magari hayo, wakihangaika katika misitu na matope. Husimuliwa mjini Eldoret ya kwamba kasha la chuma la benki lilipoletwa mwaka 1912, lilishushwa chini garini, likawa zito hata watu wakashindwa kuliinua tena, basi benki ikajengwa palepale kulizunguka. Mimi sikuwapo, lakini kila mtu aliyewahi kupakia lori ataiamini hadithi hiyo bila ya kuapishwa.

Karibu na reli nilimkuta mzee mmoja, rafiki wa mjomba, aliyekuwa mchukuzi wa ghala la stesheni katika miaka ya 1960, zamani za East African Railways and Harbours. Tulipokwisha kuamkiana nilimwuliza juu ya kazi yake ya zamani. Akacheka, akanionyesha mabega yake. Kisha alisema neno ambalo nimelichukua mpaka ofisini kwangu: “Karani wa siku zile hakuuliza kwanza kilo ngapi. Aliuliza kwanza, ni kitu gani?”

Naam, ndivyo ilivyokuwa. Reli ilikuwa na kitabu cha nauli, na ndani yake vitu vilipangwa kwa madaraja. Gunia la mahindi na robota la nguo, hata yakiwa na uzito mmoja na kwenda mwendo mmoja, hayakulipa sawa. Mahindi ni mazito na bei yake ni ndogo. Ukiyatoza nauli kubwa hayatasafiri, yataoza shambani, na reli haitapata kitu. Nguo huweza kuistahimili nauli, kwa kuwa thamani yake ni kubwa katika mfuko mdogo. Akili hiyo si mbaya. Lakini tusisahau kwamba mwenye kuyapanga madaraja alikuwa na watu wake machoni. Katika enzi ya ukoloni mahindi ya kuuzwa ng'ambo, ambayo walowezi waliyalima kwa wingi, yalipewa nauli ya chini, na bidhaa zilizotoka ng'ambo, ambazo Mwafrika alizinunua dukani, zilitozwa zaidi. Mkulima mdogo aliyenunua shuka alikuwa akisaidia kulipa nauli ya mahindi ya jirani yake mwenye shamba kubwa, wala hakuna aliyemwambia.

Mzee alinieleza pia habari ya dhima. Mwenye mali aliweza kukubali kwamba kitu kikivunjika au kikiharibika njiani hasara ni yake, naye alilipa kidogo. Ama aliweza kuitaka reli ichukue dhima, akalipa zaidi. Nilimwuliza watu wengi walichagua nini. Akasema, “Waliosoma waliuliza. Sisi wengine tulitia kidole gumba.”

Reli ingali pale, lakini viazi vya mjomba huenda kwa lori. Nililikuta lori limesimama mbele ya ghala lake, utingo amekwisha kufungua turubai, na mizigo imewekwa chini mahali pamoja kama vitu vya mtu aliyehamishwa. Palikuwa na magunia 60 ya viazi, marobota 40 ya majani makavu ya ng'ombe, trei 30 za mayai, na dumu moja la dawa ya kupe la shemeji yake. Na pembeni kabisa, limefunikwa kwa gunia tupu, lilikuwako dumu la petroli la lita 20. Hilo lilikuwa la jirani, aliyetaka lishushwe Burnt Forest kwa ndugu yake mwenye msumeno wa injini.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya majani. Dereva alitaka robota moja lilipe karibu sawa na gunia moja la viazi. Mjomba alikasirika: “Gunia ni kilo 50, robota halifiki kilo 20. Huyu ananiibia mchana.” Ilinibidi kumwambia mjomba wangu, mbele ya watu, kwamba dereva ana haki. Magunia 60 ya viazi ni tani 3, nayo yanalala sakafuni mwa lori kwa utulivu. Marobota 40 ya majani hayafiki hata tani moja, lakini yanachukua nafasi kubwa kuliko viazi vyote. Lori hujaa kwa namna mbili: hujaa kwa uzito, au hujaa kwa nafasi. Likijaa majani, dereva hawezi kupakia kitu kingine, ijapokuwa magurudumu yake hayajasikia mzigo. Ndege nazo hufanya hesabu hiyo hiyo: mita moja ya ujazo ya kitu chepesi huhesabiwa kama kilo 167. Nako Marekani wenye malori wana madaraja 18, tangu 50 hata 500. Vyuma vizito vilivyofungwa vizuri huwa karibu na 50, na vitu vyepesi kama mipira midogo ya kuchezea mezani hufika 500. Huko huuliza mambo manne: kitu kina uzito gani kwa nafasi yake, kinapangika na vingine au hakipangiki, kinahitaji mikono ya namna gani, na kikipotea au kikiharibika ni hasara kiasi gani. Mjomba hakufurahi, lakini alitoa fedha.

Juu ya viazi hapakuwa na maneno mengi, na hilo lilinipendeza. Mnunuzi mmoja alikwisha kumtaka avifunge kwa lumbesi, yaani gunia lililoongezwa kilemba cha wavu juu hata likapita kilo 100, naye alikataa. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeweka kilo 50 kwa gunia. Watu hudhani kwamba kanuni hiyo ni ya sokoni tu. Lakini ikiwa nauli na ushuru hutozwa kwa gunia, lumbesi humfaidia mnunuzi mara tatu: hununua gunia moja, husafirisha gunia moja, hulipia ushuru gunia moja, naye ana viazi vya magunia mawili. Na mchukuzi mwenye kulibeba huharibika mgongo kabla ya kufika miaka 40. Tena mzani wa barabarani haujui lumbesi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 huruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele, na tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye magurudumu ya mapacha, na lori kubwa kabisa lenye ekseli 7 lisipite tani 56 pamoja na uzito wake lenyewe. Asiyejua gunia lake lina kilo ngapi atajulishwa Gilgil, na huko mafunzo hulipiwa.

Kisha tulifika kwenye madumu.

Hapo yanipasa kueleza jambo la nyumbani. Miaka michache iliyopita mama yangu alipeleka magunia 12 ya maharagwe, nayo ndiyo yaliyokuwa karo ya mdogo wangu. Mwenye gari, ambaye simtaji, alipakia juu yake dumu la mafuta ya taa ambalo kifuniko chake kilikuwa kimelegea. Hakuna kilichomwagika cha kuonekana kwa macho. Lakini mnunuzi alipofungua gunia la kwanza alirudisha uso wake nyuma, na magunia yote 12 yakarudi. Tuliyaanika siku nyingi juani, harufu isitoke. Mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima. Katika hati ya safari ile palikuwa pameandikwa neno moja tu: “Mizigo.”

Kwa hiyo dawa ya kupe niliitenga na viazi na mayai. Umoja wa Mataifa umeyapanga mambo ya hatari katika madaraja 9, na makarani wa dunia yote huyatumia. La kwanza ni baruti na mfano wake. La 2 ni gesi. La 3 ni mafuta yawakayo. La 4 ni vitu vikavu viwakavyo. La 5 ni vitu viutiavyo moto nguvu. La 6 ni sumu. La 7 ni vitu vya mnururisho. La 8 ni vitu vilavyo ngozi na chuma, kama tindikali ya betri. La 9 ni mengineyo. Mkulima asidhani hayo ni mambo ya viwandani. Amonia nitreti iko katika daraja la 5, na ndiyo iliyolipuka bandarini Beirut tarehe 4 Agosti 2020, tani zipatazo 2,750, ikaua watu zaidi ya 200. Mbolea yetu ya CAN imechanganywa na chokaa na haina ukali huo, lakini hata hiyo haifai kulazwa pamoja na dizeli. Dawa ya kupe tuliifunga katika mfuko mzito, na dereva akaitia katika sanduku la vyombo lililo nje, chini ya bodi.

Likabaki dumu la petroli. Nilisema lisipande.

“Ni dumu moja tu, karani,” alisema dereva. “Mpaka Burnt Forest si mbali.” Mjomba alinitazama kwa aibu, maana jirani alikuwa amesimama palepale, na ndiye aliyetuazima mkokoteni asubuhi. Nilimwonyesha dereva majani makavu, marobota 40. Nilimwambia kwamba mafuta ya taa, dizeli na petroli yote ni daraja la 3, lakini hayalingani. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya Timboroa, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa; hutambaa chini ukitafuta moto. Kisha nilimwuliza kama hupita Sachangwan.

Dereva alinyamaza. Barabara ya kwenda Nakuru hupita hapo. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka, watu wakaja na madumu na ndoo kuteka, moto ukawaka katikati yao, wakafa zaidi ya 100. Malori ya mafuta kama lile hubandikwa kibao chekundu chenye pembe nne, kikisimama juu ya pembe moja, chenye picha ya ndimi za moto, na kwa petroli huandikwa namba 1203. Maelfu yetu hukiona kibao hicho kila siku, kwa kuwa bomba la mafuta lilifika Eldoret mwaka 1994, na malori hujaza hapo kwenda Uganda na Rwanda. Hukiona kama pambo la lori.

Mwishowe dereva mwenyewe alisema, “Mzee, lishushwe. Nina watoto.” Jirani aliliweka dumu lake katika mkokoteni akaenda nalo, wala hakutuaga. Mjomba alisema itamchukua mwezi mzima kumrudia, na labda atalazimika kumpelekea maziwa.

Tulipakia viazi chini, majani juu yake, mayai mbele karibu na chumba cha dereva ambako mtikisiko ni mdogo, na turubai juu ya yote. Niliandika hati, kila kitu kwa jina lake na hesabu yake, na kando ya mayai nikaandika ni nani atakayebeba hasara yakivunjika. Dereva aliisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi. Lori likaondoka saa nane.

Nilirudi Eldoret kwa matatu ya jioni. Tulipokuwa karibu na Naiberi mguu wangu uligusa kitu baridi chini ya kiti. Ilikuwa mtungi wa gesi, umelazwa ubavu. Nilimwuliza kondakta ni wa nani. Akajibu kwamba ni wa mwenyewe. Nililipa nauli yangu, nikashuka, nikangoja gari jingine.