Methali ilisema mkono, haikusema mdomo

Wadau, leo naungama. Ile video ya mama mboga aliyemfunga mtoto kwa leso, ile iliyozunguka Nakuru mwezi wa Juni, ni mimi niliichukua. Wengi wenu mlinifuata kwa sababu yake. Kwa hivyo mnanidai maelezo, na mimi nina deni kubwa kuliko hilo.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, baridi ile ya kuingia mifupani. Nilikuwa natembea kwenda stendi kupanda matatu ya kuingia tauni. Sitasema ni mtaa gani, huyo mama nimemwanika vya kutosha. Niseme tu ni upande wa magharibi wa jiji, mahali ambapo vibanda vya mboga viko kando ya lami na boda boda hupita kama wanafukuzwa. Nikaona mtoto wa kama miaka miwili na nusu, leso imezungushwa kiunoni, ncha ya pili imefungwa kwa mguu wa meza ya sukuma wiki. Mtoto analia, makamasi yanashuka. Mama anakatakata sukuma, hata hageuki.

Nikatoa simu. Sekunde 22. Sikumsalimia, sikumuuliza kitu. Nikapanda matatu, na kabla hatujafika tauni nilikuwa nishaposti, na maneno juu yake: "Kama hauko tayari kulea, usizae."

Kufikia jioni ilikuwa imetazamwa mara 60,000. Mimi, ambaye video zangu za kawaida zikifika 2,000 nanunua soda. Komenti zilinyesha. "Huyo ni mtoto ama ni mbuzi?" "Wanawake wa siku hizi!" "Apelekwe polisi." Mwingine akaandika kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na sikuelewa kama anamsema mtoto au mama. Mwenye duka la viatu akanitafuta, akanilipa 3,000 nimtangazie raba. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza ya maana niliyopata tangu niache chuo. Nililala nikijiona mtetezi wa watoto.

Siku ya tatu mathe akapiga kutoka Naivasha. Mathe hupiga Jumapili baada ya kanisa. Akipiga Ijumaa asubuhi, mtu amekufa au mimi nimekosa.

"Hiyo video iko kwa grupu yetu ya kina mama," akasema. "Wanaitukana. Mimi ndiye pekee sijaandika kitu."

"Lakini Mum, umeona vile amemfunga?"

"Nimeona. Nimejiona."

Hapo ndipo akanipa stori ambayo nilikuwa naijua nusu tu. Mimi nimelelewa Karagita, kando ya barabara ya ziwa, mtaa ambao ukigonga milango kumi, nyumba nyingi kuna mtu wa maua. Mathe alikuwa anakata waridi. Wiki za kabla ya tarehe 14 Februari, ndipo Ulaya wakumbuke mapenzi, shambani ni mbio tupu: unaingia asubuhi na giza, unatoka na giza. Mtu wa kubaki nasi hakuna. Kwa hivyo alikuwa anatupikia uji, anaweka kwa chupa, anatufungia ndani mimi na dadangu, kufuli inabaki nje. Dadangu alikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa na minne.

Ninachokumbuka ni mwanga chini ya mlango na dadangu akinichorea ng'ombe kwa sakafu na chaki. Sikujua kwamba ploti nzima ilikuwa inamsema mathe. Siku moja, pale kwa mfereji wa maji, wanawake wakiwa kwa foleni, mmoja akamwambia mbele ya wote kwamba hata paka hubeba watoto wake kwa mdomo, hawafungii.

Nikamwambia mathe, sasa si hao walikuwa wabaya, hawakujua shida zako. Akanikatiza.

"Hapana. Walikuwa wanasema ukweli. Moto ungeshika pale, mngekufa. Nilikuwa najua. Nilikuwa nakata maua nikinusa moshi ambao haukuwepo. Lakini kati ya wote waliosema, hakuna aliyesema, niletee hao watoto."

Kisha akaongeza: "Ni nyanya wa mlango wa mwisho. Yeye hakunigombeza. Alikuja jioni akaniambia, wacha ufunguo kwangu. Basi."

Hiyo ndiyo sehemu iliyoniondoa usingizi. Ningeweza kuandika hapa ile mahubiri ya kila siku, kwamba usimhukumu mtu kwa sababu hujui alikotoka. Ni kweli, lakini ni rahisi sana. Mathe anasema kitu kigumu zaidi. Unaweza kuwa na haki kabisa kuhusu kosa la mzazi, na bado maneno yako yasimfae mtoto hata kidogo. Wale wanawake wa mferejini walikuwa na haki, na mimi niliendelea kufungiwa. Aliyenifungulia mlango ni mtu aliyeomba ufunguo.

Huwa tunasema mkono mmoja haulei mwana, na tukishasema hivyo tunajipa ruhusa ya kuingilia watoto wa kila mtu. Sawa. Lakini soma methali vizuri. Imetaja mkono. Mdomo haikuutaja.

Jumamosi nikarudi pale kibandani. Siwezi danganya, nilizunguka mara mbili kabla ya kusimama. Mtoto alikuwepo, leso ilikuwepo. Nikasema, "Mama, samahani, ni mimi nilichukua ile video."

Nilitarajia atanimwagia maji. Akaweka kisu chini, akanitazama, akauliza, "Uliona barabara?"

Nikageuka. Kutoka mguu wa meza hadi lami ni hatua tatu, nimezihesabu. Wakati huo huo boda boda ikapita na gunia mbili za makaa. Nikatoa simu nikaitazama tena video yangu, kwa mara ya mia. Barabara haiko. Niliposimamisha simu wima, vile sisi sote hufanya, nilibakisha mtoto, leso, na mgongo wa mama. Kazi yangu ni kuchagua kitu gani kiingie kwa fremu, na mimi nilikata kile kitu kimoja kilichofanya leso iwe na maana.

Akaniambia deikea ya pale mtaani, kuacha mtoto kwa mama anayelea wa wengine, ni shilingi mia moja kwa siku, na kuna siku anauza faida ya mia mbili. Akaniambia mteja wake mmoja, mwalimu, hajarudi tangu video. Akaniambia mama mkwe wake ameiona akiwa Molo, na sasa kuna maneno ya mtoto kupelekwa huko. Aliyasema yote bila kupaza sauti, akikata sukuma. Halafu akauliza, "Na wewe ulipata ngapi?"

Nikasema elfu tatu.

"Hiyo ni deikea ya mwezi," akasema. Hakusema kingine kuhusu hilo. Hesabu ilinitosha.

Niliomba msamaha tena. Hakuupokea, na sitawadanganya kwamba alinikumbatia tukalia. Alisema, "Kama unataka kunisaidia, nishikie huyu. Kuna hoteli inangoja mboga." Akafungua leso, akabeba karai, akaenda.

Manze. Alichelewa kama nusu saa. Katika hiyo nusu saa yule mtoto alienda upande wa barabara mara tano, mara moja nikamdaka kwa shati, kitufe kikang'oka. Nilimpa simu achezee, akaitupa kwa ndoo ya maji ya kuoshea nyanya. Nilipombeba alipiga kelele mpaka watu wakafikiri namwiba. Mzee mmoja wa mkokoteni akasimama kabisa, akaniangalia juu na chini, akasema, "Kijana, hivyo ndivyo watu hushika mtoto?" Halafu akaondoka na mkokoteni wake, roho safi, amemaliza kazi yake ya kujenga jamii.

Na wakati huo, naapa, macho yangu yalikuwa kwa ile leso.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichunguza ni nani hasa huwa tunamkosoa. Baba akionekana na mtoto amevaa soksi mbili tofauti, tunasema, "Ona baba anajitahidi." Mama mwenye soksi hizo hizo ni mzembe. Kwa matatu, mama akimpakata mtoto wa miaka sita ili asilipie kiti, abiria wanaguna kwamba anamkunja mtoto, na konda ndiye aliyemwambia ampakate. Mtoto hana kofia: "Mama, funika mtoto, baridi." Mtoto ana kofia: "Mama, unamchoma mtoto." Na katika mall hapa Nakuru nimeona kwa macho yangu mtoto amevalishwa kibegi chenye kamba, mama ameshika ncha, kitu cha kununua. Watu walitabasamu, mmoja akauliza kinauzwa wapi. Kamba ni ile ile. Tofauti ni kwamba moja ina risiti.

Najua kuna mtu tayari anaandika komenti: kwa hivyo tunyamaze watoto wakiumizwa? Hapana. Hapa sicheki. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa na ukatili wa kila aina, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikatilia mkazo. Ukiona mtoto anapigwa mpaka anaumia, ameachwa peke yake hatarini, au kuna mtu anamgusa vibaya, huo si uamuzi wa mzazi wa kuheshimiwa. Piga 116. Ni bure, inafanya kazi mchana na usiku. Ingilia, ita watu.

Lakini angalia tulichofanya mimi na nyinyi. Watu 60,000 waliangalia mtoto ambaye waliamini anateswa. Kati ya komenti zote nilizosoma, na nilizisoma zote, hakuna hata moja iliyouliza huyo mtoto yuko wapi ili apelekewe msaada. Na mimi niliyejua alipo nilikuwa nahesabu laiki. Kama kweli niliamini yuko hatarini, nilimwacha hapo nikapanda matatu. Kama sikuamini, nilimtukana mama yake kwa ajili ya kontenti. Nimejaribu kutafuta jibu la tatu, sijalipata.

Na kuna uso wa mtoto. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na inasema habari za mtoto hazitumiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Data alipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila wazazi kukubali. Mimi nilikuwa nimeiona hiyo habari. Nikadhani ni mambo ya mashule. Video nimeifuta kwangu, lakini kurasa zingine ziliichukua zikaweka muziki wa kuchekesha. Nimewaandikia wote. Wawili wameiondoa. Yule mtoto ataenda shule siku moja na hiyo kitu itakuwa inamngoja.

Za elfu tatu nilimrudishia mama. Alizihesabu, akatoa mia tano akaniambia za simu iliyoingia maji. Bado hajasema amenisamehe. Jumanne na Alhamisi asubuhi, nikiwa sina kazi, napita pale namshika mtoto wakati yeye anapeleka mboga. Siwaambii hii mnipigie makofi, na hamtaona video yake.

Jambo la mwisho. Kuna mama mwingine anayehukumiwa kila wiki, na ni wangu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma na mimi mwenyewe nimechoka, hakuna aliyenijia kuniuliza. Walimwendea yeye. Kanisani, sokoni, harusini: "Kijana yako alipotelea wapi? Ulimdekeza." Amefungia watoto, akaambiwa ni mkatili. Watoto wamekua, anaambiwa alikuwa mlegevu. Ni mama yule yule.

Nilimuuliza huwa anawajibu nini. Akasema huwaambia, "Mwombeeni." Halafu hungoja kidogo aone kama kuna atakayeuliza namba yangu, labda ana kazi ya kunipa.

Anasema mpaka leo hajaulizwa.