Abiria wa sita

Familia nyingi zilizohamishwa, zinazolala kwa ndugu hapa Ndendere, zinaniuliza swali moja: mega zinaisha namna gani kabla hatujaongea na watu wetu? Swali hilo limenifikisha kwa kijana fundi wa kompyuta, jirani yangu hapa Ibanda. Nyumba nzima kwao inagawana intaneti moja, naye ameandika programu ya kuhesabu kila simu inakula kiasi gani.

Programu hiyo inakaa ndani kabisa ya Linux, sehemu inayoitwa eBPF. Simu za Android, tangu toleo la 9 la mwaka 2018, zinahesabu mega kwa njia hiyo pia.

Siku tatu programu ilikataa kujengwa. Ameiandika kwa lugha ya Rust, na kabla ya programu yenyewe inajengwa maktaba ya kompaila: kazi ndogo za hesabu ambazo prosesa haiwezi peke yake. Mojawapo ni kuzidisha namba za biti 128 na kusema kama jibu limefurika.

Fikirieni teksi ya Nyawera. Kazi yoyote ndani ya eBPF inapokea vitu kwenye viti 5 tu, kila kiti biti 64. Namba moja ya biti 128 inakalia viti 2, kwa hiyo namba mbili zinachukua 4. Kiti cha 5 ni cha anwani ya kuandikia kama jibu limefurika. Lakini jibu nalo ni kubwa, linataka anwani yake, na huyo ni abiria wa 6. Kompyuta ya kawaida humpandisha kwenye karia, yaani kumbukumbu ya steki. eBPF haipandishi abiria kwenye karia. (Dereva wetu angewabana tu, mnamjua.) Basi maktaba nzima inakwama kwa ajili ya kazi ambayo programu haitaiita hata mara moja.

Mtu anaweza kubadilisha umbo la kazi hiyo, jibu na alama ya kufurika vikae kwenye anwani moja, ila kompaila nayo lazima ijue umbo jipya. Kijana ameiacha nje ya maktaba inapojengwa kwa eBPF. Naona amefanya vizuri: kwa kuhesabu mega, biti 64 zinatosha na kubaki.

Imejengwa Jumanne. Mama zetu walikuwa wanasingiziwa maongezi marefu, kumbe simu moja ilikuwa inapakua programu mpya usiku kucha. Kwenye Android nyingi, angalieni Mipangilio, kisha matumizi ya data.