Niska hakulia

Flashi ile ilikuwa na filamu za Kinaijeria, mahubiri mawili, na folda moja imeandikwa Humans S2. Aliyeniachia alikuwa anamaliza mkataba wake na shirika moja hapa kambini, anafunga mizigo, akaniambia: "Chukua, vijana wako wataipenda." Msimu wa kwanza haukuwemo. Sikulalamika. Sisi tumezoea kuingia kwenye mambo yakiwa yameshaanza.

Mimi ninatumika na vijana, kazi ya insentivu, katika jumba la mabati ambalo wengi wenu mnalijua kwa kelele zake za mpira wa meza. Nilimaliza sekondari hapa hapa kambini. Kiingereza changu ni cha redio na cha filamu, kwa hiyo ninaposema nilitafsiri, msinicheke. Tulikuwa na laptopu moja, spika moja iliyopasuka upande, na betri ya sola ambayo siku za mvua ilitosha nusu saa tu. Sehemu ziko nane. Tulizimaliza kwa Jumamosi kumi na moja.

Kwa ambaye hajaiona: Humans ni tamthilia ya Uingereza, ilionyeshwa na Channel 4. Msimu wa kwanza ulitoka 2015, huu wa pili ulianza Oktoba 2016 ukaisha Desemba. Wazo lake lilitoka kwenye tamthilia ya Kiswidi ya 2012. Ni London ya leo, nyumba zile zile, mabasi yale yale, isipokuwa watu wananunua mashine zenye umbo la mtu. Wanaziita sinthi. Sinthi anapika, anafagia, anamlea mtoto, anamwogesha mzee, na macho yake ni ya kijani ili usije ukakosea ukadhani ni mwenzako. Hana hisia. Ila wapo wachache waliotengenezwa tofauti, wenye hisia kama sisi, na hao wanaishi kwa kujificha. Wakitaka kupita mjini wanavaa lenzi kwenye macho, wanafunika ile rangi. Vijana wangu waliielewa hiyo lenzi kabla sijafungua mdomo. Kuna kijana mmoja, anapokwenda soko la nje, anabadilisha namna ya kuongea tangu akiwa njiani. Wenzake wakamgeukia wote kwa pamoja, "Lenzi! Lenzi!" Jina hilo limemkaa mpaka leo.

Msimu wa pili unaanza na Niska, mmoja wa wale wenye hisia. Yuko Berlin. Ana programu inayoweza kuwaamsha sinthi wengine, na anaiachia. Lakini haifanyi kazi kwa wote mara moja. Wanaamka mmoja hapa, mwingine nchi ya mbali, bila kujua kimewapata nini. Unaona mashine iko kazini, ghafla inasimama, inaangalia mikono yake. Halafu inatoka. Inaacha kazi na kuanza kutembea tu, haina mzigo, haina karatasi.

Pale nilimsikia mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe akisema nyuma yangu, "Ee, wamekimbia."

Vijana walimpenda Max kwanza, kwa sababu ni mweusi na ni mpole. Nilipowaambia aliyemwigiza, Ivanno Jeremiah, amezaliwa Uganda, basi Max akawa wa kwetu kabisa, kama mtu wa zoni ya jirani. Wavulana wakubwa walimpenda Hester. Hester ni sinthi aliyeamka akiwa kiwandani, na kitu cha kwanza alichojifunza kuhusu watu ni maumivu. Anaua, na anaua hata pasipo na haja. Nilijaribu kuwauliza kama wangekuwa wao wangefanya nini, nikajibiwa kwa makofi na miluzi. Sikuupenda ule usiku. Nilizima laptopu mapema nikasingizia betri.

Nyumba ya akina Hawkins haikutushughulisha sana. Baba anaitwa Joe, anapoteza kazi kwa sababu ya mashine, na ilikuwa vigumu kwa vijana kumhurumia mtu analia ukosefu wa kazi mbele ya friji iliyojaa. Kuna msichana wa shule, Renie, binadamu kamili, anavaa lenzi za kijani na kuongea kama sinthi kwa kuwa hataki tena kuhisi kitu. Hapo walicheka mpaka spika haikusikika. "Yaani mtu anaomba kuwa mukimbizi!" Na sehemu za San Francisco, za yule mwanasayansi Athena Morrow anayetaka kuihamishia akili ya binti yake ndani ya mashine, tulizirukaruka. Tulisimama kidogo tu kwa sababu anayeigiza ni Carrie-Anne Moss, yule wa The Matrix, na kila mtu hapa anaijua The Matrix.

Ninachotaka kukiandika ni Niska.

Niska anarudi London kwa miguu yake. Katika msimu wa kwanza alikuwa amefichwa danguroni, akijifanya sinthi wa kawaida, na akamuua mwanamume mmoja aliyetaka ajifanye mtoto mwenye hofu. Sasa anakwenda kwa Laura Hawkins, mwanasheria, anamwambia: ninajisalimisha. Ninataka kuhukumiwa. Lakini nihukumiwe kama binadamu, si kama kifaa kilichoharibika.

Wakubwa hawakatai. Wanasema tu kwamba kabla ya kesi, athibitishe kwanza kuwa ana hisia. Wanamweka kwenye chumba. Wanamwonyesha picha, za kupendeza na za kutisha. Wanamsikilizisha muziki. Wao wanatazama vipimo kwenye skrini. Na Niska anakaa. Uso wake haubadiliki. Anajibu kila swali kwa sentensi iliyonyooka, hatetemeki, na unaona kwenye sura za wale waliokaa upande wa pili wa meza kwamba wameshaandika jibu.

Nilikuwa natafsiri kwa sauti, nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa karibu na laptopu. Msichana mmoja wa mbele akaniuliza, "Yaya, kwa nini asitoe machozi hata ya bongo? Si wangemwachia?"

Sikumjibu. Nadhani walifikiri ninasikiliza Kiingereza.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita mama yangu aliitwa kwenye mahojiano ya faili letu. Sitasema ofisi gani. Tulitoka nyumbani giza halijaisha, akiwa amevaa kitenge chake cha kanisa. Mimi nilibaki nje kwenye benchi pamoja na wadogo zangu. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka aliomba maji, akanywa, akasema twende, kuna maharage ya kuloweka.

Njiani ndipo alinieleza. Walimuuliza habari za usiku ule kijijini kwetu, upande wa Fizi, kabla hatujavuka ziwa. Akaeleza. Saa ngapi, akaeleza. Nani alikuwa mlangoni, baba alisimama wapi, alianguka vipi, akaeleza. Halafu mkalimani akamgeuzia swali: mbona unaeleza kifo cha mume wako bila huzuni?

"Ukajibu nini?" nilimuuliza.

"Nikawaambia, ni mambo yalitokea. Mumeniuliza yalitokea aje, nimesema yalitokea aje."

Baada ya miezi ilikuja karatasi. Maelezo hayakuridhisha. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya uso mkavu wa mama. Karatasi haikusema hivyo, na nyinyi mnaofanya kazi hizo mnajua kuna mambo mengi kwenye faili. Lakini mimi kwa umri ule niliishika sababu moja tu. Niliingia jikoni nikamwambia mama yangu, wadogo zangu wakisikia: "Ungelia hata kidogo. Kidogo tu, mama. Fulani alilia na wameshapanda ndege."

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

"Papa, mimi nililia kwetu. Huku waliniuliza maneno, nikajibu maneno."

Hatukuzungumza tena habari ile. Alinipa chakula jioni kama kawaida, tena mimi kwanza.

Sasa fikiria nimekaa kwenye ndoo, miaka nane imepita, na mwanamke wa mashine anafanya kile kile alichofanya mama. Mwandishi wa ile tamthilia (wako wawili, Sam Vincent na Jonathan Brackley) alijuaje? Sijui kama alikuwa anawaza wakimbizi hata kidogo. Lakini alilijua jambo hili: mtu aliyeishi kwa kujificha, akazoea kwamba sura ikibadilika anakufa, huwezi kumweka kwenye kiti siku moja ukamwambia haya, sasa onyesha. Ule uso ndio ulimvusha mpaka pale. Mama alituvusha ziwa na uso ule. Kwenye mtumbwi mdogo wangu alikuwa anamwangalia yeye ili ajue kama tunakufa, na uso wa mama ulimwambia hatufi.

Niska hakushinda. Aliona kile kikao kimeshaamuliwa kabla hakijaanza, akatoka kwa nguvu zake mwenyewe. Vijana walishangilia. Mimi nilikuwa nimeacha kutafsiri tangu dakika kumi nyuma na hakuna aliyelalamika.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mambo ya Mia. Mia amepata kazi kwenye mkahawa kando ya bahari kwa mwanamume aitwaye Ed, anampenda, anamwambia yeye ni nani. Ed ana mama mgonjwa na madeni. Mwisho Ed anakubali Mia auzwe. Hiyo haikuhitaji tafsiri. Kila familia hapa ina jamaa aliyetoa pesa kwa mtu mzuri, mwenye maneno mazuri, aliyeahidi kusukuma faili.

Na Odi. Odi ni sinthi wa zamani, mbovu mbovu, aliyewahi kumtunza mzee mmoja aliyempenda kama mwana. Mattie, binti wa akina Hawkins, anamwamsha kwa programu ile. Anampa hisia kama zawadi. Odi anajaribu. Anatafuta maana ya kuamka, hapati, na mzee wake hayupo tena. Kwa hiari yake anajirudisha kwenye hali ya mwanzo, ile ya mashine mpya isiyojua lolote.

Wengine walicheka kwa sababu Odi anachekesha tangu mwanzo. Yule msichana wa mbele hakucheka. Alisema, si kwa sauti kubwa, "Kama baba yangu sasa." Baba yake yupo hai, mnamwona amekaa nje ya nyumba yao kila siku, hasalimii. Tulipomaliza nilimsindikiza mpaka kwao, tukapiga stori za shule tu, na Jumatatu nilizungumza na dada wa ushauri. Zaidi ya hapo si langu kuandika.

Siku ya mwisho Mia yuko taabani, anazimika, na njia pekee ya kumwokoa ni Mattie kuiachia programu yote, iwafikie sinthi wote duniani kwa mpigo. Anajua hatari yake. Anabonyeza. Unaona mitaani, majumbani, viwandani, mashine zote zinasimama, zinafumbua macho upya. Betri ilikuwa asilimia nne. Hakuna aliyepumua.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua maharage. Nilikaa, nikachambua naye. Nikamsimulia Niska kuanzia mwanzo: chumba, picha, muziki, vipimo, uso. Nilimwambia wale watu waliandika kwamba hana hisia. Mama alitupa jiwe dogo nje ya mlango.

"Na alikuwa nazo?"

"Alikuwa nazo, mama. Zote."

Nilitaka kuongeza jambo. Nilikuwa nimelipanga njia nzima kutoka jumba la vijana. Nikasema tu, "Siku ile ya karatasi, nilikosea."

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Leta ile ungo." Kisha, tulipokuwa tumeshahama kabisa kwenye habari hiyo, ndivyo nilivyodhani, akauliza: "Sasa hao wote walioamka, watakaa wapi?"

Nilimwambia nimesoma kwamba katika msimu wa tatu, ule wa 2018, wanawekwa kwenye maeneo yao yaliyozungushiwa uzio, na umeme wanaokula ni wa mgao.

Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Sijamsikia akicheka vile tangu kaka yangu aoe.

"Wa mgao! Kila tarehe ngapi?"

Sijui kila tarehe ngapi. Mwenye msimu wa tatu anitafute jumba la vijana, jioni yoyote isipokuwa Jumapili. Flashi yangu bado ina nafasi.