Kipande cha Siku Thelathini

Jumatatu, 6 Januari 2025

Kaunta buku mpya, kwaya tatu, nimeinunua Ngamiani leo jioni. Ile ya zamani ina sura nne za riwaya yangu na kipande cha ya tano. Sura ya kwanza nimeiandika upya mpaka imechuja. Kijana wangu ametoka Kigoma kwa mkataba, mwaka 1951, kuja kukata mkonge, na tangu mwaka juzi nimemwacha stesheni ya Muheza na kifurushi chake, ananisubiri nipate nafasi.

Nafasi haipo. Wiki ijayo shule zinafunguliwa, na mhasibu wa shule mwezi Januari hana chake: wazazi foleni, stakabadhi, mmoja kaja na nusu ya ada na maelezo marefu. Nikirudi nyumbani kuna watoto, kuna jiko, kuna mama mkwe ambaye siku nzima hakupata wa kuzungumza naye. Imebaki alfajiri. Nikishaswali, kabla nyumba haijaamka.

Ijumaa, 10 Januari

Anthony Trollope alikuwa mtu wa posta huko Uingereza. Kabla ya kwenda kazini aliweka saa mezani na kujidai maneno 250 kila robo saa. Kwa mtindo huo akaandika riwaya 47. Mwenyewe ameyaeleza katika tawasifu yake iliyotoka 1883, mwaka mmoja baada ya kufa, na wako wasomaji waliomshusha thamani kwa hilo, kana kwamba riwaya ikipimwa kwa saa inageuka nguo ya kiwandani.

Wanaomtaja Trollope kama mfano husahau jambo moja. Alikuwa na mtumishi aliyelipwa pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kahawa mkononi. Hapa Chumbageni mwamshaji ni mimi, mpika chai ni mimi, na anayeulizwa soksi ziko wapi ni mimi.

Leo nimeandika mistari minane. Sita nimeifuta.

Jumapili, 19 Januari

Nimeshinda Muheza kwa ami. Nilikwenda kumjulia hali, nikarudi na riwaya.

Ami alifanya kazi kwenye korona, mashine ya kusindika mkonge, miaka ya sitini, lakini babu ndiye aliyebeba kipande. Nilimwuliza kilikuwaje. Akachukua kijiti, akachora mchangani: kadi yenye vyumba 30. Ukifanya kazi siku moja, karani anatia alama chumba kimoja. Vyumba vyote vikijaa, ndipo unalipwa. Siku si lazima zifuatane. Ukiumwa, ukifiwa, ukiamua tu kulala, chumba kinabaki kitupu kinakusubiri. Mwezi wa kipande, alisema, ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni.

“Na ngwe yako usipoimaliza, mwanangu, siku hiyo haimo. Umekata, miiba imekuchoma, jua limekuwakia, lakini kwenye kadi wewe ulilala.”

Halafu akanionyesha mkato wenyewe, kwa kisu cha jikoni na jani alilolichuma ukingoni mwa shamba la jirani. Kwanza unaondoa mwiba wa ncha, maana huo ukikuingia kwenye jicho basi tena. Kisha unakata shinani, karibu na kigogo, pigo moja. Majani 30 yanafungwa mzigo mmoja. Utomvu ulimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akaufuta haraka kwa kanga ya shangazi. Unawasha, kasema, na siku ya kwanza kijana mgeni hulala anajikuna usiku kucha. Hilo la kujikuna sijalisoma kwenye kitabu chochote cha historia ya mkonge. Mle wamejaa akina Dakta Hindorf, mleta mkonge, na miche yake ya mwaka 1893.

Kwenye daladala ya kurudi nilikata jalada la daftari bovu, nikapiga mistari: vyumba 30.

Jumatano, 22 Januari

Kanuni zangu. Ngwe ni ukurasa mmoja wa kaunta buku. Ukurasa ukijaa, alama. Siku si lazima zifuatane. Kadi ikijaa najilipa, na malipo nimeshayachagua: changu mzima wa kupaka, nyama yote yangu, watoto wapikiwe kitu kingine.

Hilo la siku kutofuatana ndilo lililonivuta. Huko nyuma nilijiwekea nadhiri ya kila siku bila kukosa, na kila nadhiri iliuliwa na siku moja tu. Mtoto anashikwa na homa, unakosa Jumanne, Jumatano unajiona umeshavunja, Alhamisi huna haja tena. Kipande hakina cha kuvunjika.

Jumanne, 11 Februari

Alama zinakwenda. Kijana ameondoka stesheni! Yuko kambini, anajikuna.

Marufuku mpya: kurudi nyuma. Nikiona sentensi mbaya ya jana naiwekea nyota pembeni, naendelea. Sura ya pili ina nyota kuliko anga la Pangani, na hainihusu kwa sasa.

Nimejifunza pia kuacha kiporo. Hemingway alikuwa na desturi ya kusimama pale anapojua kinachofuata, asubuhi asianze na mikono mitupu. Mimi nasimama katikati ya sentensi kabisa. Jana niliacha, “Mnyapara akamtazama miguu, kisha”, nikafunga daftari. Leo kalamu ilikimbia yenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Ramadhani imeingia na ratiba imepinduka. Nilidhani daku itanisaidia, kwa kuwa nimeshaamka. Lakini daku ni kazi: kupasha, kuamsha, kuhimiza. Baada ya kuswali usingizi unanibeba na kalamu mkononi.

Najaribu baada ya tarawehe. Napata nusu ukurasa, wakati mwingine robo. Kwa kanuni yangu ngwe haikwisha, alama hakuna. Juzi niliandika mistari kumi mizuri, labda mizuri kuliko yote ya mwaka huu, nikailalia kwa hasira kwa sababu ya chumba kitupu.

Sasa nauliza. Ile sheria ya “haikwisha, haimo” aliitunga nani, na kwa faida ya nani? Aliyeitunga alitaka majani, na jasho la mtu ambaye hakumaliza akalipata bure. Mimi hapa najidhulumu ili nimfaidishe nani?

Nimefuta kanuni. Ukikaa, ukiandika hata sentensi moja ambayo jana haikuwapo, alama.

Jumapili, 13 Aprili

Masika. Barabara ya kwa ami imekuwa ya bodaboda tu, na bodaboda wenyewe wanasali kabla ya kuondoka. Nilimpelekea sukari na mchele, na kadi yangu nikamwonyesha, nikidhani atacheka.

Hakucheka. Aliishika kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa kitu kichafu. “Umekitundika ukutani?” Nikamjibu ndiyo, ami, juu ya meza. Akanyamaza, akamwita shangazi alete maji. Baadaye ndipo aliposema: “Babako alipokuwa mdogo, babu yenu alitimiza siku zake, karani akasema siku mbili hazionekani. Alirudi shamba akazifanya tena. Kile kilikuwa cha kumfungia mtu, mwanangu. Unakichezea kwa kuwa hukukibeba.”

Sikuwa na jibu, na sikulitafuta. Ningeweza kumwambia kwamba karani wa kadi yangu ni mimi, na mshahara wangu hakuna aliyeukalia. Yote kweli, na kwa mzee yule yasingekuwa na uzito wa punje.

Usiku huu nimeibandua ukutani. Sikuitupa. Nimeitia ndani ya jalada la kaunta buku, na nitaendelea kuijaza.

Jumatatu, 14 Aprili

Siku mbili zisizoonekana! Nimeamka nazo. Karani wa sura ya sita, ambaye mpaka jana alikuwa mtu wa kupita na miwani yake, ndiye atakayeshika hadithi. Alama anazo yeye. Kijana hajui kusoma, anahesabu siku zake kwa mafundo ya kamba ya katani, na mafundo hayalingani na kadi.

Kurasa tatu kabla ya chai. Mtoto kaenda shule na shati ambalo halikupigwa pasi.

Alhamisi, 29 Mei

Ngũgĩ wa Thiong’o amefariki jana, huko Marekani. Redio imesema asubuhi, na mwalimu wa fasihi ofisini kwetu hakufundisha vizuri leo, kila aliyepita alimsimamisha.

Wote tunasimulia habari ileile ya gereza la Kamiti: alifungwa mwisho wa 1977, akaachiwa Desemba 1978, na humo ndani akaandika riwaya kwa Kigikuyu kwenye karatasi za msalani. Sisi tuliisoma kwa jina la Shetani Msalabani. Mimi huipenda zaidi sehemu isiyosimuliwa sana. Karatasi zile zilikuwa ngumu na za kukwaruza, wafungwa wasipate raha, na ugumu huohuo ukazifanya zivumilie wino. Kisha askari wakamnyang’anya mswada, na baadaye ukarudishwa.

Huwa inasimuliwa ili kutuaibisha sisi wenye madaftari na taa. Hilo silikubali. Mfungwa ana mateso ambayo sitathubutu kuyafananisha na yangu, lakini hana foleni ya wazazi wala sufuria. Shaaban Robert, huyu wetu wa Vibambani, ananihusu zaidi: karani wa forodha, mwenye bosi, mwenye familia, anayeandika saa zilizobaki. Alikufa 1962 na miswada mingine ikachapishwa hayupo. Utubora Mkulima ilitoka 1968. Hayo ndiyo mazingira ninayoyajua: unaandika, unafunga, unakwenda kazini.

Nimeandika leo. Kidogo.

Jumamosi, 21 Juni

Nilikuwa na hofu kwamba riwaya yangu ni nyembamba. Nimetoa Nagona ya Kezilahabi rafuni, ya mwaka 1990, nikaishika kati ya vidole. Wembamba wake haujamzuia mtu yeyote kubishana juu yake tangu ilipotoka. Basi. Sitaongeza harusi ili kunenepesha kitabu.

Kadi nyingine imejaa. Changu kapanda bei, nikala dagaa.

Jumanne, 22 Julai

Rasimu imekwisha leo, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kwa sentensi ambayo tayari ina nyota. Sikushangilia, maana maji yalikuwa yanachemka.

Kazi iliyobaki ni hii. Kuchapa: binti wa steshenari ya karibu na stendi anatoza kwa ukurasa, na mwandiko wangu wa wakati wa Ramadhani ameshaukataa, kwa hiyo sehemu ile nitachapa mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisi saa za mapumziko. Sura ya pili itaandikwa upya yote. Bei ya katani mwaka 1951 ilikuwa juu kwa sababu ya vita vya Korea, na hakuna mhusika hata mmoja anayelijua hilo isipokuwa meneja. Karani inabidi alisikie mahali. Stesheni sijui kama nimeieleza mno.

Jioni nimempigia ami kumweleza. Aliuliza maswali mawili. Je, yule karani ameadhibiwa? Nikamwambia hapana, amepandishwa cheo. Akaguna, akasema hapo nimeandika kweli. La pili: lini nitamsomea, maana macho hayaoni tena maandishi, na anataka sura ya korona kwanza, akague kama nimepanga mashine sawasawa kabla watu wa mkonge hawajanicheka. Nimemwahidi Jumapili. Shangazi akadakia kwa nyuma kwamba nije na mchele, ule wa Aprili umekwisha.