Jiko la Bibi, Upande wa Solwa

Kiangazi kikikolea, barabara ya kutoka Shinyanga mjini kwenda Solwa hupita katikati ya nchi tupu. Pamba imekwisha kuvunwa, mabua yamerundikwa, na udongo mweusi wa mbuga umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Wachungaji wanahangaikia maji, wanawake wanahangaikia kuni. Mti mnene unaouona kwa mbali aghalabu ni mbuyu, na mbuyu haufai jikoni.

Katika kijiji kimoja cha upande huo, Jumamosi asubuhi, nilifuatana na vijana waliomaliza kidato cha nne, nyuma yao kundi la watoto wa darasa la sita na la saba. Ofisi ya kijiji inawaita vijana hao waelimishaji rika. Watoto wanawaita kaka na dada tu. Walibeba ndoo za udongo wa kichuguu, jivu na majani makavu yaliyokatwakatwa. Walikuwa wanakwenda kwa bibi anayeishi peke yake, kumjengea jiko banifu na kutoboa dirisha la pili katika chumba chake cha kupikia.

"Mwangaluka, mayu," wakamwamkia, wasichana wakipiga goti. Bibi akaitikia, kisha akaulizia nyumba ya kila mmoja, na hakuna aliyegusa ndoo mpaka amalize.

Macho yake ni mekundu. Kwingine hilo lisingekuwa jambo la kuandika. Usukumani, kwa miongo kadhaa, macho ya namna hiyo yamechukuliwa kuwa alama ya uchawi na yamewagharimu vikongwe maisha: jirani anafiwa na mtoto au ndugu anataka shamba, mganga anataja jina, na kijana mwenye panga analipwa. Lakini chanzo cha wekundu huo kinajulikana. Kuni zikiadimika, watu huwasha mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, na moshi wake hauna huruma kwa macho ya aliyepika miaka hamsini.

Kaka mkubwa hakuhutubia. Aliwaingiza watoto wanne ndani, akawasha moto ule ule anaoutumia bibi, akawaacha wauchochee. Muda si mrefu wakatoka mbio, wanakohoa, machozi yanawatiririka. "Haya, tazamaneni macho," akawaambia kwa sauti ya chini, bibi asisikie. Wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, kisha akanyamaza mwenyewe.

Baada ya hapo udongo ulikandwa. Wakubwa hawakuugusa, walielekeza kwa mdomo. Sufuria ikae imebana pande zote, mlango wa kuni uwe mdogo, ukuta uwe mnene ili joto lisitoroke. Ukuta wa kwanza ulibomoka, watoto wakaukanda upya.

Mzee mmoja jirani, aliyekuja kutazama, hakuona jambo geni. Kabla watemi hawajaondolewa mwaka 1963, alisema, vijana wa kila kijiji walikuwa na nsumba ntale, mkubwa wao, waliyemchagua wenyewe. Ndiye aliyewaita kulima shamba la mgonjwa au la mwenye kuandaa pombe na nyama, ndiye aliyewafundisha wadogo kushika mstari wa jembe, na mzembe alitozwa faini. Hata mtemi alimheshimu. "Hawa wa sasa wana moyo," mzee akasema, "ila hawana rungu."

Neno hilo lilinikaa, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na tatu humfuata aliyemtangulia kwa miaka michache zaidi ya anavyomsikiliza baba yake, na huku waliotangulia wako wa kila aina. Njia hii hii inaendelea hadi Mwakitolyo, kwenye maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu. Kijana anayerudi kutoka huko na pikipiki naye ni mwalimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi ya hatari, lakini mwaka 2013 Human Rights Watch iliwakuta watoto wa Geita na Shinyanga ndani ya mashimo na kwenye zebaki.

Kwa wasichana mvuto ni mwingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliuweka Mkoa wa Shinyanga juu ya mikoa yote kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alishinda kesi yake ya kupinga ndoa hizo Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Hukumu hiyo, msichana wa darasa la saba ataielewa zaidi akimwona dada wa kijijini kwake ambaye ng'ombe wa mahari walikuja na wakarudishwa.

Dada wa namna hiyo alikuwepo pale, udongo umemkauka viwikoni. Nilimwuliza sasa anataka nini. Sikusikia fulana wala posho. Alianza na ngitili, malisho yenye miti yanayohifadhiwa. Mkoa huu ulifyekwa misitu ili kuua mbung'o na kupisha pamba; mradi wa HASHI wa kuhifadhi ardhi ulipoanza mwaka 1986, malisho hayo yalikuwa yamebaki hekta 600 hivi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalikuwa yamevuka hekta 300,000. Kijiji chao kina ngitili yake, yenye kanuni na faini.

"Tumeshatimiza miaka kumi na minane, sisi ni wajumbe wa mkutano mkuu wa kijiji," alisema. "Mkutano ujao nitasimama. Kipande kimoja cha ngitili kitengwe kwa kuni za bibi wasio na mtu, na sisi ndio tukisimamie. Jiko tumeshajenga. Bila kuni, atapikia mavi yale yale."