Silabi ya Kutupa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeonyeshwa gari. Ni Land Cruiser ya doria ya kampuni ya ulinzi, mkonga wa redio unaning'inia kwenye dashibodi kwa mpira, na simu yetu imebanwa pembeni yake. Dereva anabonyeza kitufe tulichofunga kwenye usukani, anasema anachotaka kusema, programu inageuza sauti kuwa maandishi, inayarusha kontro, kwenye chumba cha mawasiliano, na kuyaingiza kwenye kitabu cha matukio. Meneja wa kampuni anaota kwamba ikitulia hapa tutaipeleka polisi, ndiyo maana ametuletea mtu wa huko: sajenti mstaafu aliyemalizia kazi kwenye chumba cha redio. Wote wanamwita Afande, nami nimefuata.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, binti. Hii ndiyo inayosikia?"

"Ndiyo hii."

"Na ikisikia vibaya, anaulizwa nani?"

Nimecheka kwa adabu. Swali lenyewe ni la mkataba kuliko la programu, na mkataba sijauona.

Tumezunguka Mikocheni mpaka Mwenge na kurudi. Saa kumi na moja jioni ya Ramadhani kila mtu anawahi futari, honi juu ya honi. Dereva amefunga, koo limekauka, anaongea kama mtu aliyeamshwa. Sauti tulizofundishia programu ni za watu walioshiba, wamekaa kwenye chumba chenye zulia.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumefanya zoezi kwenye maegesho nyuma ya ofisi. Vijana wawili wa getini wamejifanya wezi wa nyaya za umeme, dereva kazi yake kuripoti. Amebonyeza kitufe na kusema kwa pumzi moja: "Hawana silaha, wako wawili, tunawashikilia getini."

Kwenye skrini ya kontro yametokea maandishi safi kabisa, mikato na nukta mahali pake: "Wana silaha, wako wawili, tunawashikilia getini."

Binti wa kontro ameruka kitini kabla hajakumbuka kuwa ni zoezi.

Nimesikiliza faili mara nyingi. "Ha" haipo. Simu inachukua sehemu ndogo ya sekunde kufungua maiki baada ya kitufe kubonyezwa, na dereva hangoji. Kinachokatwa ni silabi moja tu, lakini kwenye lugha yetu silabi hiyo ndiyo mara nyingi inayobeba ukanushi. Hawapo ikikatwa ni wapo. Hatuna mafuta inakuwa tuna mafuta. Mbaya zaidi ni hatujamwona: ikikatwa inabaki tujamwona, ambayo si Kiswahili cha mtu yeyote, basi programu kwa wema wake inainyoosha kuwa tumemwona. Kosa linafutwa alama zake na kuvalishwa sarufi. Wenzangu wanapima ubora kwa kuhesabu maneno yaliyokosewa. Kwa hesabu hiyo sentensi ya leo ina kosa moja, maksi nzuri tu.

Afande amecheka, kisha akaacha kucheka.

"Ndiyo maana tunaita mara mbili," akasema. "Kontro, kontro, hapa gari namba nane. Vijana wanaona ni mbwembwe za depo. Ile kontro ya kwanza ni ya kutupa."

Usiku nimetafuta kama wengine waliwahi kuliona hili, na nimekuta limeonwa zamani sana. Mwaka 1937 Charles Hopper, mtu wa mawasiliano wa polisi wa jimbo la Illinois, Marekani, alianzisha zile namba za redio zinazotanguliwa na "ten". Redio za magari za wakati ule ziliendeshwa kwa dinamota iliyohitaji sehemu ya sekunde kushika kasi, hivyo mwanzo wa kila usemi ulimezwa. Akaweka "ten" mbele ya namba ili imezwe yenyewe. Filamu zimetufundisha "ten-four" ni ushujaa, kumbe neno la kwanza liliwekwa pale lipotee.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda nyumbani nikisoma, mama akinilalamikia kuwa hata Jumapili nimeolewa na kompyuta.

Wazo letu si geni. Kule Durham, Marekani, Chuo Kikuu cha New Hampshire kilianza mwaka 1999 mradi ulioitwa Project54 pamoja na Idara ya Usalama ya jimbo hilo. Kati ya walioushika ni Andrew Kun na Thomas Miller. Tatizo lao lilikuwa wingi wa vidude: gari moja la doria lina redio, taa za juu, king'ora, rada ya kupimia mwendo na kompyuta, kila kimoja na swichi zake, na askari ni mmoja. Wakaviunganisha vyote kwenye mfumo mmoja, askari akabonyeza kitufe na kuamuru kwa mdomo: washa taa, badili masafa, niangalizie namba hii ya gari. Mikono kwenye usukani, macho barabarani. Swichi za zamani hazikung'olewa. Hilo nimelipigia mstari, kwa sababu meneja wetu ameshaniuliza mkonga wa redio utaondolewa lini.

Waliendelea kuchunguza walichokijenga. Mwaka 2007 Kun na wenzake waliwaweka watu kwenye kiigizi cha kuendeshea gari na kuwapa mfumo wa sauti unaosikia vizuri, kisha unaosikia vibaya. Uliposikia vibaya, usukani wenyewe ulianza kuyumba. Kwa hiyo programu inayokosea haimuudhi tu dereva, inaingia mikononi mwake. Na mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, wakifanya kazi kwa taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, walieleza kwamba baada ya kutoa amri ya sauti akili ya dereva inaweza kubaki nusu nusu hadi sekunde 27. Nimepiga hesabu: kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hizo ni mita 375. Kwa Dar es Salaam ndani ya mita 375 kuna bodaboda, bajaji, muuza maji na mtoto anayekimbiza tairi.

Meneja anapenda kusema "mikono huru". Sawa, mikono.

Jumatano, 12 Machi

Ombi la meneja lilikuwa kwamba amri ya dharura isihitaji kitufe kabisa. Askari akizidiwa aseme tu "omba msaada" na magari yote yapigiwe kengele. Nikamwekea ajaribu.

Tumesimama kwenye taa za Morocco, kioo kiko chini kwa joto. Mzee mmoja mwenye fimbo amekuja dirishani: "Naomba msaada, mwanangu, Ramadhani hii." Kengele ikalia kontro. Gari namba tatu likageuza kutoka Msasani. Taa zilivyoruhusu tukawa tumeshapigiwa simu na watu ambao sikujua wana namba yangu.

Afande amempa mzee noti, akaniambia, "Umeona? Huyo kaitikiwa haraka kuliko askari yeyote niliyemjua."

Kitufe kimerudi. Kwenye dharura kitabonyezwa na kushikiliwa, bila neno lolote. Mtu anayekabwa koo hatamki amri, na hili nilitegemea mteja alijue kabla yangu, yeye ndiye mwenye kampuni ya ulinzi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua tangu alfajiri. Bati la gari linapigwa mpaka dereva anapaza sauti bila kujijua, na sauti iliyopazwa haifanani na ile ya kawaida. Mfaransa Étienne Lombard aliliandika hilo mwaka 1911 na bado linatusumbua.

Tatizo la programu kusoma saa limekwisha. "Saa mbili usiku" ilikuwa inaingia kitabuni 02:00, yaani tukio limeahirishwa kwa saa sita. Sasa muda unatoka kwenye saa ya simu, na alichotamka askari kinabaki kwa maneno yake.

Tatizo lisilokwisha ni la ukimya. Leo dereva kashika kitufe akiwaza la kusema, mvua ikinguruma, kisha akakiachia bila kusema kitu. Kitabuni imeingia: "Asanteni kwa kutusikiliza." Hakuna aliyeisema. Modeli imejifunza kwamba baada ya kelele za namna ile watu huagana, basi imeaga. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walipima programu nyingine, Whisper ya OpenAI, na kukuta takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vimeongezewa sentensi nzima ambazo hazikutamkwa, hasa penye vituo virefu vya ukimya. Asilimia 1 kwenye tafsiri ya katuni si kitu. Kitabu cha matukio ni kitu ambacho siku moja wakili atakisoma kwa sauti mahakamani.

Ijumaa, 21 Machi

Kikao baada ya swala ya Ijumaa, kiyoyozi kibovu, wafungaji tumechoka.

Nimepeleka mambo machache. Maiki ikae wazi muda wote ndani ya simu ikihifadhi sekunde moja ya nyuma na kuifuta, ili kitufe kikibonyezwa "ha" iwe tayari imo. Sauti yenyewe iwekwe pamoja na maandishi, na pakitokea ubishi sauti ndiyo ishinde. Penye silaha, namba ya gari au idadi ya watu, kontro imrudishie askari alichosema na yeye akubali.

Mwanasheria wao ameshtukia hiyo ya maiki wazi na kutaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: abiria je, mtu aliyekamatwa je? Ana haki. Tumekubaliana askari waambiwe kwa maandishi na sekunde ile isitoke kamwe nje ya simu kama kitufe hakijabonyezwa.

Meneja amepitisha yote isipokuwa moja. Anataka "kontro, kontro, hapa gari namba nane" ifutwe, eti programu inajua ni gari gani linaongea.

"Programu inajua," amesema Afande. "Ninayesikiliza ni mimi. Jina la gari ndilo linalonigeuza shingo."

"Hiyo ni ya enzi za redio, Afande."

"Na redio iko palepale kwenye dashibodi, bosi. Mtandao ukikatika ataita nini?"

Meneja ameangalia simu yake. Hakukubali wala hakukataa. Kwenye muhtasari nimeandika kuwa wito unabaki, na hakuna aliyepinga muhtasari uliposomwa.

Jumatatu tunabadili maiki. Iliyopo inanasa feni vizuri kuliko inavyomnasa dereva.