Nilitaja Kasi, Nikaficha Umbali

Swali lilitoka kwa msikilizaji, mwalimu wa michezo, naye aliuliza kwa adabu: kuupiga mpira wa besiboli na kuupiga wa softiboli, kazi ipi ngumu zaidi? Nilicheka hewani. Nikasema softiboli ni besiboli iliyopunguzwa makali. Mrushaji wa Ligi Kuu ya Marekani huvurumisha mpira kwa kilomita 150 kwa saa, dada wa softiboli akijikaza sana ni kama 110, na tena mpira wake ni balungi wakati ule mwingine ni chungwa. “Ukilikosa balungi, kapimwe macho,” nikamalizia, nikaweka muziki.

Takwimu zangu hazikuwa za uongo, na hapo ndipo panaponiuma. Nilikuwa na nusu ya hesabu, nikaitangaza kama hesabu kamili.

Jioni hiyo mwalimu yule alituma ujumbe wa sauti: “Kaka, kasi umeitaja. Umbali je?” Niliusikiliza, nikaupotezea. Hilo ndilo ninaloliungama hasa. Kutojua kunasameheka, lakini mimi nilijua nimeshikwa, nikanyamaza kwa sababu aliyenishika alikuwa mwanamke na maikrofoni ilikuwa yangu.

Basi umbali ni huu. Katika besiboli ya wakubwa, kutoka anaposimama mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18.44, na mrushaji yuko juu ya tuta la udongo lenye kimo cha sentimita 25. Katika softiboli ya wanawake ni mita 13.11, tena ardhi tambarare. Warushaji wa michezo yote miwili hupiga hatua ndefu mbele kabla ya kuuachia mpira, kwa hiyo safari yenyewe hupungua zaidi. Piga hesabu: mpira wa besiboli hufika kwa takriban sekunde 0.4, na ule wa softiboli niliouita wa polepole hutumia muda huohuo au pungufu kidogo. Mrushaji wa softiboli Monica Abbott alirusha mpira wa kilomita 124 kwa saa mwaka 2012. Kwa mwendo huo mpigaji anabakiwa na kama theluthi moja ya sekunde, na kulizungusha gongo peke yake kunakula karibu sekunde 0.15. Balungi au chungwa, uamuzi lazima uwe umeshafanyika mpira ukiwa bado njiani.

Ndiyo maana mpigaji hodari hategemei mpira tu. Anausoma mwili wa mrushaji: bega, kiwiko, namna vidole vilivyoushika mpira. Kwa mpigaji wa besiboli, usomaji huo hujengwa kwa miaka ya kutazama mkono unaotokea juu ya kichwa. Mletee mkono unaozunguka duara zima na kuuachia mpira karibu na nyonga, mpira wenyewe ukipanda kuelekea kifuani, na usomaji wake wote unakuwa hauna kazi. Yalimkuta mpigaji wa besiboli Albert Pujols mwaka 2004, katika mechi ya maonyesho, alipopambana na mrushaji wa softiboli Jennie Finch. Alitolewa kwa straiki. Mpigaji mwenzake Mike Piazza naye alitolewa. Huyo Pujols alistaafu akiwa na mipigo 703 ya kuvuka uzio, kwa hiyo ushauri wangu wa kupima macho angeupeleka wapi? Mwandishi David Epstein aliifungua sura ya kwanza ya kitabu chake cha mwaka 2013, The Sports Gene, kwa kisa hichohicho. Kilikuwa kinapatikana siku nilipokuwa nikicheka.

Sitaki sasa nigeuke na kutangaza kwamba softiboli ndiyo ngumu zaidi. Hilo lingekuwa kosa lilelile limevaa sketi. Pujols hakuwa amefanya mazoezi ya kukabili mirusho ile, na mchezaji wa softiboli akipelekwa mbele ya mrushaji wa Ligi Kuu atababaika vilevile. Besiboli ina magumu yake: gongo la ligi hiyo ni la mti mtupu, na warushaji wapya wenye nguvu huingizwa katikati ya mechi mmoja baada ya mwingine. Softiboli inaruhusu magongo ya kisasa, na mrushaji mmoja anaweza kuubeba mchezo wote, kama Yukiko Ueno wa Japani aliyerusha mipira 413 ndani ya siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing 2008 na kuipa nchi yake dhahabu dhidi ya Marekani. Walio na jicho la mchezo mmoja hawajapata jicho la mwingine. Nilipaswa kujibu hivyo, dakika moja ingetosha.

Mwalimu, kama unasoma: ulikuwa sahihi, nami nilikukosea heshima mbele ya watu. Na ninyi wengine, softiboli inarudi Olimpiki mwaka 2028, mechi zake zikichezewa Oklahoma City. Mkimsikia mtangazaji yeyote akitaja kasi bila umbali, mpigieni simu, na msikubali awawekee muziki.